Kabla Daftari Halijawa la Kufungia Karanga

(Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi wenzangu siku ya kufunga shule, hapa Morogoro mjini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na nimeongeza mawili matatu yaliyonipotea pale mbele.)

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi wenzangu. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimepewa dakika kumi nizungumze kwa niaba ya wazazi. Kwa kawaida anayesimama hapa huwashukuru walimu, huwaombea watoto likizo njema, kisha hukaa. Walimu nawashukuru kwa moyo wangu wote. Ila kuna jambo nimelibeba miaka miwili sasa, na siku yake ni leo, kwa sababu leo kila mtoto anarudi nyumbani na vitu viwili: ripoti, na begi lililojaa madaftari yaliyokwisha. Ripoti mtaisoma dakika moja mtamaliza. Mimi nimekuja kusemea madaftari.

Wengi mnanifahamu. Nauza maandazi na karanga kule karibu na stendi ya Msamvu, na mnajua nafungia nini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko wangu mimi ni karatasi, na karatasi ya bei nafuu kuliko zote ni daftari la mtoto aliyefunga shule. Ikifika Desemba akina mama mnaniletea viroba, napima, nalipa, tunaagana. Kwa hiyo nadhani nimeshika madaftari ya watoto wa mitaa hii kuliko mtu yeyote asiye mwalimu. Maarifa ya Jamii ya mtoto wako yamebeba karanga za mia mbili. Sayansi yake imefungia andazi la abiria wa Mbeya. Na miaka yote hiyo nilikuwa nachana tu, sisomi. Karatasi ya kufungia nani anaisoma?

Kabla sijaendelea, niwaambie akina baba mliokuja leo, maana nimewahesabu na mko kumi na moja, kuanzia kesho kinachotokea nyumbani ni nini. Mwaka mzima mama anaamka saa kumi alfajiri. Anakanda unga, anawasha jiko, anaamsha watoto, na kufika saa kumi na mbili na nusu watoto wameshatoka, nyumba imetulia, anashika njia ya biashara. Kuanzia kesho hawatoki. Uji waliokuwa wanakunywa shuleni sasa wanausubiri kwa mama. Kilo ya sukari iliyokuwa inafika siku tano haimalizi siku mbili. Ndani ya wiki hiyohiyo fundi cherehani ameshafunga kupokea kazi, kwa sababu kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Ukikosa nafasi kabla ya Krismasi, Januari mtoto anaingia darasani na kaptula iliyompanda juu ya goti. Embe zimeshuka bei, watoto wanakula embe mpaka midomo inapasuka, tumbo linauma usiku, na anayeamka ni mama.

Ada tuliondolewa tangu Januari 2016, kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Mimi niliishia kidato cha pili kwa sababu ya ada, kwa hiyo sitasimama hapa nikaidharau nafuu hiyo. Lakini sare tunanunua. Viatu tunanunua. Madaftari, sweta, mahindi ya uji, fagio na ndoo vyote vinatoka kwetu. Ndiyo sababu vikoba vyetu tunavivunja mwezi huu. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini msivunje Juni, hela ikakaa vizuri. Nikamwambia tunavunja Desemba kwa sababu Januari inakuja.

Basi katika pilika hizo ndipo ripoti inapofika. Mama ana unga mikononi, mtoto anasimama mlangoni, anainyoosha. Mama anafuta mkono kwenye kanga, anaangalia sehemu moja tu: nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Anasema "safi" au anasema "haya, tutaongea baba yako akirudi". Ripoti inaingia kwenye kabati, chini ya cheti cha kuzaliwa. Mwaka umekwisha.

Mimi nilifanya hivyohivyo.

Mwanangu wa kati, ambaye mwaka huu amefanya upimaji wa darasa la nne, alikuwa anamaliza darasa la pili. Muhula wa kwanza alikuwa wa 14 kati ya watoto 104. Muhula wa pili akawa wa 71. Nilipoiona ile 71 sikusubiri baba yake arudi. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananiuma. Nilimwita mzembe. Nilimwambia mimi naungua na mafuta kwa ajili yake, na yeye anakwenda shule kucheza. Nikamfutia safari ya Matombo kwa bibi yake, na mnaowafahamu bibi zetu wa milimani mnajua mtoto aliyefutiwa Matombo amefutiwa nini: mto, mafenesi, wajomba, na kulala amechoka bila mtu kumuuliza kitu. Hakujibu. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mpapai.

Baada ya siku nne hivi mvua ya vuli ilinyesha tangu asubuhi. Uluguru yote ilikuwa imefunikwa na wingu, Msamvu hakuna mteja wa kusimama, nikabaki nyumbani. Nikasema leo nitengeneze karatasi. Nikavuta kiroba, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango ambako kuna mwanga. Mimi huwa naanza kwa kutoa pini za katikati, halafu natenga kurasa ambazo hazijaandikwa. Hizo siuzi wala sifungii. Nazishona kwa sindano na uzi wa magunia, zinakuwa daftari la rafu la mwaka unaofuata. Madaftari matatu yaliyokwisha hunipa moja la rafu. Kurasa zilizoandikwa ndizo zinakwenda kwenye karanga.

Nikaichukua Hisabati ya mwanangu. Mwanzoni, Januari, Februari, Machi, vema tupu. Kalamu nyekundu ya mwalimu imepita kama inacheza. Nikafunua mpaka Julai. Hapo ni makosa, makosa, "fanya masahihisho", makosa. Nilikuwa nimeshashika karatasi kuichana, hasira imerudi, ndipo jicho langu likaangukia kwenye hesabu yenyewe. Alikuwa ameandika 33 + 26 = 59. Pembeni kuna kosa jekundu.

Sasa mimi ni mwanamke wa kurudisha chenji. Tangu asubuhi mpaka jioni kazi yangu ni hiyo. 33 na 26 ni 59. Nikarudia kwa vidole. Ni 59. Kwa nini mwalimu amekosesha?

Ndani ya kiroba kilekile kulikuwa na madaftari ya mtoto wa jirani, wanasoma darasa moja na mwanangu, mama yake aliniuzia juzi yake. Nikayatafuta. Nikapata Hisabati, nikafunua tarehe ileile, nikayaweka mawili sakafuni, moja kando ya jingine. La jirani limeandikwa 38 + 25 = 63, vema. La mwanangu, 33 + 26 = 59, kosa. Swali la pili, la jirani: 52 − 17 = 35. La mwanangu: 62 − 11 = 51. La tatu, la jirani: 46 + 29 = 75. La mwanangu: 40 + 29 = 69. Wazazi wenzangu, nilikaa pale mpaka mkaa ukazima. Kila jibu la mwanangu lilikuwa sahihi. Alikuwa anajibu vizuri kabisa maswali ambayo mwalimu hakuyaandika.

Nikamwita. "Baba, njoo hapa. Hizi hesabu uliziandika kutoka wapi?"

"Ubaoni, mama."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma. Tulihamishwa tulipotoka likizo ya mwezi wa sita."

"Ulikuwa unaona?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nikimwangalizia mwenzangu, anasema namwibia."

Pale nje kulikuwa na kamba ya nguo, na kanga ya jirani imeachwa inanyeshewa, kama hatua kumi na tano kutoka mlangoni. Maandishi yake yanajulikana na kila mtu, makubwa, meusi, Wema hauozi. Nikamwambia, nisomee ile kanga. Akakunja uso, akasogea mbele, akasimama kwenye tone la mvua. Akaniuliza, "Kwani ina maneno?"

Mtoto wangu alikuwa haoni mbali. Nami sikujua kwa sababu nyumbani kila kitu kiko karibu. Daftari liko karibu, sahani iko karibu, mimi mwenyewe nipo karibu. Alikuwa ananisomea magazeti ninayofungia vitumbua bila kukosea neno, ningejuaje? Lakini dalili zilikuwepo, na nizitaje, pengine kuna mwenzangu zitamfaa leo. Akienda kuangalia televisheni kwa jirani alikuwa anakaa chini, puani kwa kioo, mpaka wanamfukuza. Ukimwita kwa mbali anakunja macho kwanza ndipo aitike. Mpira wa juu alikuwa haudaki. Yote hayo niliyaona. Niliyapa majina mengine: utundu, uvivu, ubishi.

Tulikwenda kwa daktari wa macho, akamwekea vioo kimoja baada ya kingine mbele ya ile chati ya herufi. Miwani na vipimo vilitugharimu 45,000, ikatoka kwenye hela ya kikoba niliyoitengea viatu vya watatu. Januari ile mwanangu alirudi shule na viatu vya zamani na miwani mpya, nikamwomba mwalimu wa darasa amkalishe mbele, naye akakubali siku hiyohiyo. Na Matombo alikwenda. Nilimpeleka mwenyewe, nikamweleza mama yangu mbele yake kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Sisemi haya kumlaumu mwalimu. Watoto 104, kipindi cha nusu saa: akimpa kila mtoto sekunde kumi na tano tu, kipindi kinakaribia kwisha hajafundisha kitu. Angeonaje kwamba mtoto mmoja wa dawati la nyuma ananakili 38 kama 33? Mwalimu alisahihisha kilichokuwa mbele yake. Mimi nilikuwa na watoto watatu, na daftari lililala chumbani kwangu kila usiku kuanzia Julai mpaka Desemba.

Na ninajiuliza, kabla ya mvua ile nilishachana mangapi? Ni watoto wangapi wa mtaa huu ambao mwaka wao mzima ulikuwa umeandikwa pale, nikaufungia karanga bila mtu kuuangalia?

Kwa hiyo wenzangu, ombi langu ni dogo. Kabla hujauza, kabla hujawashia moto wa kuni, kaa na mtoto saa moja. Saa moja tu ndani ya mwezi huu. Fungueni madaftari pamoja, somo moja moja. Huhitaji kuwa umesoma. Mama asiyejua kusoma anaona rangi nyekundu imeongezeka mwezi gani. Anaona mwandiko ulikuwa umesimama ukaanza kulala. Anaona kurasa zilizorukwa, wiki nzima haina tarehe, na wiki hiyo mtoto alitoka nyumbani na sare kila asubuhi. Alikuwa wapi? Usiulize kwa fimbo. Uliza kama unavyouliza bei. Kuna mama mwenzetu nilimwambia hivi mwaka jana, akakuta Kiingereza cha binti yake kimekatika Mei moja kwa moja. Binti akamwambia anachekwa akisoma kwa sauti, akawa anajificha chooni kipindi hicho. Kwenye ripoti hilo halipo. Ripoti ilisema D.

Baraza la Mitihani tangu matokeo ya mwaka 2022 limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Mimi nililifurahia jambo hilo. Lakini majumbani mwetu bado tunatangaza. Mtoto akishika ripoti, jirani anauliza wa ngapi, shangazi kwenye simu anauliza wa ngapi, hata konda wa daladala akiona sare anauliza wa ngapi. Namba hiyo haikuambii mtoto alikwama wapi. Daftari linakuambia, mpaka tarehe.

Akina baba, hili si la mama peke yake. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma, kuna Desemba anapita hapa Morogoro bila kulala nyumbani. Mwaka jana nilimpigia picha kurasa nne za mtoto, nikamtumia. Alisimamisha gari Mikumi, akapiga simu, akaongea na mwanawe nusu saa kuhusu hesabu za mafungu. Mtoto alitembea na maneno hayo wiki nzima, "baba ameiona hesabu yangu".

Kuna jambo jingine, nalo sitalipita ingawa mwenyekiti ameshaangalia saa. Ni watoto wetu waliomaliza darasa la saba. Wao hawapo hapa leo. Walifanya mtihani Septemba, na tangu hapo wapo nyumbani mpaka Januari. Miezi minne. Hawana daftari, hawana kengele, hawana wa kuwauliza. Mkubwa wangu ni mmoja wao, binti, ana miaka 13. Mwezi wa kumi alikuja mama mmoja amevaa vizuri, mpole, akaniomba nimpe binti aende naye Dar es Salaam akamsaidie kulea mtoto, "mpaka Januari tu, mama, atarudi na hela ya sare". Nitawaambia ukweli, nilifikiria. Usiku ule nilihesabu: sketi mbili, viatu, kaunta buku za masomo yote, na ile orodha ndefu ya fomu ya kujiunga kidato cha kwanza. Hela ya sare ilikuwa inanitazama. Asubuhi nilikataa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, lakini sitasema kwamba nilikumbuka sheria. Nilikumbuka wasichana watatu wa mtaa wetu waliokwenda hivyohivyo "mpaka Januari", na Januari majina yao yaliitwa kidato cha kwanza, hakuna aliyeitika. Kama mtu amekuja kwako na maneno hayo mwezi huu, tafadhali, njoo tuzungumze kabla hujampa jibu. Kikoba chetu kimewahi kumkopesha mama sare za mtoto bila riba, na kitafanya tena.

Binti yangu nimempa kazi ya asubuhi, ananisaidia kwenye maandazi mpaka saa tatu, baada ya hapo yuko huru. Na amejipa kazi nyingine mwenyewe. Mdogo wao anaingia darasa la kwanza Januari, basi dada yake anamfundisha kuandika jina kwenye lile daftari la rafu nililolishona. Juzi nilikuta ukurasa umejaa herufi m, zote zimepinda upande mmoja kama zinapigwa na upepo. Nimeukunja, nimeuweka kwenye kabati palepale zilipo ripoti.

Namalizia. Desemba hii nitanunua karatasi kama kawaida, bei ni ileile. Ila mama ukiniletea kiroba, kabla sijakiweka kwenye mzani nitakuuliza kama umeyafungua. Ukisema bado, sitakurudisha. Kuna benchi pale pembeni ya jiko, linakaa watu wanne. Utakaa, nitakumiminia chai, tutayafungua wote, na kama mtoto umekuja naye ni vizuri zaidi. Asiyejua kusoma nitamsomea. Saa nne asubuhi maandazi yanakuwa yameisha, na kuanzia hapo nina nafasi.